Deni la Mali Kauli: Namna ya Kulidai Mahakamani Dodoma

Kabla hujalipa ada yoyote ya mahakama kudai mali kauli, yaani bidhaa ulizotoa kwa ahadi ya kulipwa baadaye, jua mdaiwa wako ana nini na kiko wapi. Akaunti yake iko benki ipi? Lori lina namba gani? Ghala liko kwa jina la nani? Wafanyabiashara wengi hushinda kesi, kisha hukumu ikalala kabatini kwa sababu hawana mali ya kuonyesha. Andika orodha hiyo mapema, mkiwa bado mnaongea vizuri, maana akishasikia habari za kesi mali huanza kuhamia kwa ndugu.

Jambo la pili ni jina. Jina la juu ya duka la nondo na saruji mara nyingi ni jina la biashara tu, nalo si mtu kisheria, kwa hiyo ni salama zaidi umshtaki mwenye biashara kwa jina lake, ukieleza kuwa anafanya biashara kwa jina hilo. Kampuni inashtakiwa kwa jina lake kamili la usajili, ambalo utalihakikisha BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Na kama wewe ndiye kampuni, uwe na azimio la bodi linaloruhusu kufungua shauri. Kulikosa ni mlango wa pingamizi la awali, linaloweza kuua kesi kabla haijasikilizwa.

Sasa karatasi. Ankara peke yake inaonyesha ulichodai, haionyeshi kwamba mzigo ulipokelewa. Kinachobeba kesi ni hati ya kupokelea mzigo yenye jina kamili, cheo na saini ya aliyepokea. Saini ya dereva asiyejulikana huzua ubishi usio na mwisho. Ongeza risiti za EFD (mashine ya kodi), taarifa za benki na za malipo ya simu. Meseji za simu hupokelewa kama ushahidi chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, lakini lazima uonyeshe kwamba ni halisi, kwa hiyo usizifute wala kuiuza simu yenyewe. Mkataba wa maandishi usiolipiwa ushuru wa stempu unaweza kukataliwa usipokewe kama kielelezo. Kamilisha malipo hayo TRA kabla ya siku ya ushahidi.

Kama ulitoa mali kauli bila mkataba, mwombe mdaiwa aandike na kusaini kwamba anakiri deni, akitaja kiasi. Karatasi hiyo ni ushahidi, na pia inaanzisha upya ukomo wa muda wa kufungua shauri. Deni la mkataba lina miaka 6 tangu siku lilipopaswa kulipwa. Ukiri wa mdomo hauanzishi muda upya.

Polisi si mahali pa kudai deni la kawaida. Peleka barua ya madai yenye kiasi, tarehe na muda wa kulipa (siku 14 zinatosha), na apokee kwa saini.

Mahakama ya Mwanzo husikiliza deni la mkataba lisilozidi shilingi milioni 30. Shauri la kibiashara lisilozidi milioni 70 huenda Mahakama ya Wilaya, na zaidi ya hapo Mahakama Kuu. Kinachohesabiwa ni deni lenyewe. Kuongeza fidia ya jumla, ile inayokadiriwa na mahakama, ili kesi ipande ngazi hakusaidii, shauri litatupwa. Kuhusu eneo, aliyeuza mahindi Kibaigwa, wilayani Kongwa, kwa mnunuzi anayeishi Dodoma mjini anaweza kufungua Kongwa, mkataba ulikovunjwa, au Dodoma, anakoishi mdaiwa.

Dodoma ina wazabuni wengi wa taasisi za serikali, na kwao njia ni nyingine kabisa. Lazima utoe notisi ya siku 90, nakala ziende kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na Wakili Mkuu wa Serikali. Mwanasheria Mkuu aunganishwe kwenye shauri, nalo lifunguliwe Mahakama Kuu. Halmashauri na mashirika ya umma yamo humo pia. Ukimsahau Mwanasheria Mkuu, shauri lote linabatilika.

Katika Mahakama ya Wilaya, hati ya madai hufunguliwa kwa mfumo wa kielektroniki, na ada hulipwa kwa kumbukumbu namba. Mdaiwa ana siku 21 tangu apokee wito kuleta utetezi wa maandishi. Akinyamaza, usidhani umeshinda; bado utathibitisha deni kwa usikilizwaji wa upande mmoja. Akijibu, mtapelekwa kwenye usuluhishi. Mkikubaliana kulipana kwa awamu, makubaliano yasajiliwe mahakamani yawe tuzo, yaani amri ya mahakama, ili akikosa awamu usianze upya. Mwenye hundi iliyokataliwa na benki ana njia fupi zaidi: chini ya Amri ya 35 ya Sheria ya Mwenendo wa Madai, mdaiwa hawezi kujitetea bila kibali cha mahakama.

Baada ya hukumu, deni huzaa riba ya asilimia 7 kwa mwaka, au hadi 12 kama mlikubaliana wazi. Maombi ya kukazia hukumu, yaani kuitekeleza ili ulipwe, yana ukomo wa miaka 12, lakini usisubiri. Anza na akaunti ya benki, kisha magari na bidhaa za dukani kupitia dalali wa mahakama. Nyumba anayoishi na familia yake haikamatwi, wala vyombo vya kupikia. Kumfunga kama mfungwa wa madai kunawezekana, hadi miezi 6, ila posho yake utailipa wewe na deni halifutiki. Na dalali akikamata gari lililosajiliwa kwa jina la shemeji, tegemea pingamizi la mwenye mali; ndiyo maana kadi ya gari huchunguzwa kabla ya kuliweka kwenye maombi.