Namna ya kutunza jenereta ndogo ya petroli ili iwake siku unayoihitaji

Jenereta nyingi ninazoletewa zimeharibika kwa kukaa tu. Mgao ukiisha mtu anaizima, anaifunika turubai na kuiacha stoo miezi sita, petroli ikiwa bado ndani. Umeme ukikatika usiku wa shughuli ndipo anavuta kamba mpaka bega linamuuma. Hapa Dar es Salaam nyingi zimelala tangu mgao ule wa mwishoni mwa 2023, na ndizo ninazoziandikia: hizi za kilowati 2 hadi 3.

Tafuta seti ya spana, spana ya plagi ya injini (plagi ndiyo inayotoa cheche), bisibisi, oili mpya, msasa laini, vitambaa na chupa mbili za maji za plastiki.

Hatua ya 1: Oili

Kama inawaka, iwashe dakika 5 ipate joto, kisha zima na uchomoe kofia ya plagi. Oili ya moto ni nyepesi, inatoka na uchafu wote. Injini hizi hazina filta ya oili, kwa hiyo kila chembe ya chuma inayosagika inabaki humo humo mpaka wewe uimwage. Fungua boliti ya chini, kinga, subiri iishe matone, funga. Jaza oili iliyoandikwa 10W-30, nyingi zinameza kama lita 0.6, lakini amini kijiti cha kupimia oili kuliko chupa, na upime ikiwa imekaa sawasawa sakafuni.

Jenereta mpya ibadilishe oili baada ya saa 20 za kwanza za kazi. Baadaye kila saa 100, au kila miezi 6 hata kama haikufanya kazi. Penye vumbi jingi, saa 50.

Mama mmoja aliambiwa na fundi kwamba koili inayoipa plagi cheche imekufa, akatakiwa anunue nyingine. Nilipofika nikakuta jenereta imewekwa kwenye mteremko wa kibaraza. Oili ilikuwa imekimbilia upande mmoja, kihisi kikadhani imeisha na kukata moto. Tukaisogeza palipo sawa, ikawaka.

Hatua ya 2: Petroli na kabureta

Hapa usiwe na haraka. Petroli ikikaa zaidi ya mwezi, sehemu zake nyepesi zinapaa, inayobaki inaganda kuwa utomvu. Chota kidogo kutoka kwenye tangi, weka kwenye chupa nyeupe, iache dakika chache. Maji, kama yapo, yatajitenga chini kama shanga. Ukiyaona, au petroli ikinuka kama vanishi, mwaga tangi lote kwenye dumu. Usiipeleke mtaroni.

Funga koki ya mafuta. Chini ya kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, kuna kibakuli kinachoshikwa na boliti moja, mara nyingi namba 10. Kifungue polepole usipoteze mpira wake. Jenereta iliyolala utaikuta na tope la kijani au la hudhurungi kwenye kibakuli. Kisafishe kwa petroli safi. Kisha tazama juu katikati, kuna jeti, kijipande cha shaba chenye tundu dogo kuliko la sindano. Kitoe kwa bisibisi, kielekeze kwenye mwanga. Usipoona mwanga upande wa pili, umepata ugonjwa. Chukua uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya laini wa umeme, uupitishe taratibu. Usitumie sindano wala msumari: tundu likipanuka, injini itakula mafuta na kutoa moshi mweusi daima.

Hatua ya 3: Filta ya hewa na plagi

Sponji ioshe kwa maji ya sabuni, ikaushe kivulini, itie oili kidogo na uikamue. Plagi ing'arishe kwa msasa. Mwanya wake uwe milimita 0.7 hadi 0.8. Ikiwa imeliwa, nunua nyingine.

Hatua ya 4: Angalia ulivyounganisha nyumba

Kama unatumia waya wenye vichwa vya kiume pande zote mbili, ukate leo. Umeme wako unarudi kwenye mita, unapanda mpaka transfoma, unakuzwa kuwa maelfu ya volti, na unamkuta fundi wa TANESCO juu ya nguzo akiamini laini imekufa. Mwite fundi mwenye leseni akufungie chenjiova, swichi inayochagua ama umeme wa TANESCO ama wa jenereta.

Na jenereta ikae nje, angalau mita 6 kutoka dirishani. Hewa ya kaboni monoksaidi iliyo kwenye moshi haina rangi wala harufu, inaua watu usingizini. Kibaraza kilichozungushiwa ukuta si nje.

Hatua ya 5: Iamshe kila mwezi

Chagua Jumamosi moja ya mwezi. Iwashe, iache dakika 3 bila mzigo, kisha uchomeke pasi na unyooshe nguo zako kwa dakika 20. Mzigo unakausha unyevu kwenye koili za kuzalisha umeme, na sumaku ya ndani inayoanzisha umeme haipotei.

Ukimaliza, chomoa pasi na ufunge koki ya mafuta injini ikiwa bado inanguruma. Itakunywa kilichobaki kwenye kabureta, itakohoa na kuzima yenyewe. Sasa geuza swichi, iache ipoe kabla ya kuifunika, na uandike tarehe kwa maka peni kwenye tangi.