Jipu la mbuzi chini ya sikio: usilipasulie zizini

Wafugaji wa mbuzi na kondoo, hili la majipu tuliongee vizuri maana linachukuliwa kirahisi mno. Mbuzi ana uvimbe chini ya sikio, anakula, anacheua, hana shida, basi mtu anachukua wembe anapasua palepale zizini, usaha unamwagika chini, kazi imeisha. Miezi inapita, wanaanza kuvimba wengine watatu wanne, na mwenye mifugo anashangaa ugonjwa umetoka wapi.

Umetoka kwenye ule usaha. Mhusika ni bakteria anaitwa Corynebacterium pseudotuberculosis, na ugonjwa wenyewe madaktari wa mifugo wanauita CLA (kifupi cha caseous lymphadenitis, yaani majipu ya tezi). Sio mdudu mpya, Mfaransa Edmond Nocard alishampata kwa ng'ombe mwaka 1888. Anaingilia kwenye mchubuko, kidonda cha mwiba, tundu la hereni, kidonda cha kuhasi, mkwaruzo wa mashine ya kunyoa, halafu anakimbilia kwenye tezi iliyo karibu na kujificha humo. Kutoka kuingia mpaka jipu kuonekana ni kama miezi 2 hadi 6, ndo maana hakuna anayekumbuka lile jipu la kwanza.

Kwa hiyo zoea kupapasa tezi: chini ya sikio, chini ya taya, mbele ya bega, ubavuni karibu na paja, nyuma ya goti la mguu wa nyuma na juu ya kiwele. Jipu la CLA linakuwa gumu, la mviringo, na mnyama hashtuki sana ukilibonyeza. Likiiva ngozi inalainika na manyoya yanadondoka hapo juu. Usaha wake ni mzito, mweupe au wa kijanikijani, mara nyingi hauna harufu, na kwa kondoo tezi ikikatwa unakuta tabaka juu ya tabaka kama kitunguu. Ila sio kila uvimbe ni CLA jamani. Ule wa majimajimaji katikati chini ya taya, jioni mkubwa asubuhi umepungua, huo mara nyingi ni minyoo imemaliza damu, ukihangaika na jipu hapo mnyama anakufa. Kujua kwa uhakika, daktari achukue usaha kwa sindano upelekwe maabara.

Sasa sindano za antibayotiki. Watu wanachoma penisilini, wanachoma oksi (oksitetrasaiklini), wiki nzima, jipu liko palepale. Huyu bakteria ana ganda la mafuta, chembe nyeupe za damu zikimmeza hafi, anaishi humohumo ndani, na jipu lenyewe limezungukwa na ukuta mnene ambao dawa inapenya kwa shida. Hela inaisha bure. Na kuna wanaochoma formalini ndani ya jipu, hiyo hapana kabisa, huyu ni mnyama wa kuliwa na kukamuliwa.

Kinachofanya kazi ni kuuwahi usaha kabla haujamwagika. Ukiona jipu linalainika, mtoe huyo mbuzi kwenye kundi siku hiyohiyo, usisubiri lipasuke lenyewe kwenye nguzo ya banda au kwenye hori. Kupasua aje daktari wa mifugo, hasa la chini ya sikio, pale kuna mishipa mikubwa ya damu na neva ya uso, ukikosea kidogo ni balaa. Afanyie mbali na zizi, sehemu ya sakafu inayooshika. Usaha wote ukingwe kwenye mfuko, uchomwe pamoja na pamba na glovu, shimo lisafishwe kwa iodini, mnyama akae peke yake mpaka kidonda kifunge kabisa. Usaha ukidondoka kwenye udongo bakteria anaweza kukaa hai miezi kadhaa, maji ya bomba peke yake hayamtoi. Na wewe vaa glovu, binadamu naye anaambukizwa, sio mara nyingi lakini inatokea, na jipu likiwa karibu na kiwele maziwa yasinywewe mabichi.

Kuna aina inayojificha ndani, kwenye mapafu, ini, figo. Mnyama anakonda tu huku anakula, umempa dawa ya minyoo haibadiliki kitu, au anakohoa miezi, na akiwa na majipu mapafuni anamwaga bakteria kwa kikohozi. Huyo pamoja na yule anayerudia majipu kila mwaka, kwa maoni yangu muondoe kundini hata kama anakamuliwa vizuri. Usimuuze kwa mfugaji mwingine tu, huo ni uchokozi.

Chanjo zipo kwenye baadhi ya nchi, zaidi kwa kondoo, zinapunguza majipu lakini hazimponyi aliyekwisha kuambukizwa. Muulize daktari wako kama iko kwenye nchi yako.

Dume la kununua lipapase tezi zote kabla hujatoa hela, ukiona kovu lisilo na manyoya chini ya sikio achana nalo. Likiwa safi bado litenge kwanza, na hapo uwe mvumilivu maana jipu linachelewa. Siku ya kunyoa, kuhasi au kuchoma sindano anza na wadogo, halafu wakubwa wasio na alama, wenye majipu wawe wa mwisho kabisa, sindano kila mnyama na yake, na mashine ikimalizana nao ioshwe usaha wote utoke kwanza ndo itiwe dawa, maana dawa juu ya uchafu haiui kitu.