Panya wa friza: mbonyeze tumbo kwanza
Unayemlisha nyoka wako panya waliogandishwa, mtoe panya kwenye friza jioni, umwache ndani ya friji hadi kesho yake, akiwa kwenye mfuko uliofungwa vizuri. Kisha tumbukiza mfuko kwenye maji ya moto kiasi, kama nyuzi 40. Mikrowevu usiiguse kabisa, inapasha huku na kuacha kule baridi, tena panya anaweza kupasuka. Kabla ya kumpa nyoka, mbonyeze tumbo kwa vidole: ukihisi kitu kigumu kama kokoto, ndani bado kuna barafu, mrudishe majini. Mpe kwa koleo refu, maana kidole chenye harufu ya panya huumwa. Akikataliwa, usimgandishe tena, mtupe. Na unawe kwa sabuni. Salmonela, bakteria wa kuharisha ambao panya anaweza kuwa nao, haifi kwa baridi ya friza.