Kofia ya jino ya kauri: namna ya kuifanya ikae miaka

Shangazi yangu anaishi Nansio, kisiwani Ukerewe. Siku moja alishuka melini, akapanda daladala hadi Kirumba, hapa Mwanza, akaingia kwenye chumba changu cha kazi bila hata hodi. Nikamwamkia. Marahaba hakuitoa mpaka alipofungua leso na kunionyesha vipande viwili vya kofia ya gego, kazi ya mikono yangu mwenyewe, haijamaliza hata mwaka. "Mwanangu, jiwe lako limeshindwa na matobolwa."

Matobolwa, kwa wasiotoka Kanda ya Ziwa, ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwakatwa na kuanikwa juani hadi vikakauka kau. Ukivitafuna vikavu, jirani anasikia. Lakini viazi nisivisingizie. Nilipima kile kipande: pale pembamba kabisa palikuwa na milimita 0.8, na kauri ile kwenye gego ilitakiwa iwe na kama 1.5. Na nilijua. Siku ninaisanifu, programu iliniwekea doa jekundu mahali penyewe, nami nikabonyeza kuendelea. Kumrudisha kwa daktari akapunguzwe jino kidogo kungemkosesha meli ya mchana.

Mimi si daktari, ni fundi. Daktari analikata jino na kulipiga picha kwa kamera ndogo inayoingia mdomoni, picha inakuja kwenye kompyuta yangu, nasanifu kofia, mashine inaichonga kutoka kwenye tofali dogo la kauri kwa kama robo saa. Wengine wanaiita krauni. Ni kitu kilekile. Na si majaribio ya jana: mgonjwa wa kwanza wa njia hii alitibiwa Zurich, Uswisi, mwaka 1985. Iliyotengenezwa na kuvalishwa vizuri, nyingi zinavuka miaka 10. Haya ndiyo ninayomwambia mtu siku hizi kabla hatujafika kwenye bei.

Kwanza uliza ni kauri gani, na itakuwa na unene gani. Kuna mbili utakazozisikia sana. Lithiamu disilikati inakuja ikiwa tofali la zambarau. Nikishaichonga unaona gego la zambarau, kama la kuchezea watoto. Linaingia tanuruni kwenye joto la kama nyuzi 840 na kutoka na rangi ya jino. Inapitisha mwanga kidogo, ndiyo maana inapendeza kwa meno ya mbele. Zirkonia ni nyeupe kama chaki na inachongeka kama chaki. Naichonga ikiwa kubwa kupita kiasi, kwa sababu inapochomwa kwenye nyuzi kama 1,500 kwa saa kadhaa husinyaa karibu sehemu moja ya tano. Ikitoka hapo ni ngumu kwelikweli, na kwa gego la mtu mwenye taya la nguvu ndiyo ninayoipendekeza. Hata milimita 1 inavumilia. Ila atakayekuambia zirkonia haivunjiki, mwulize ameshachonga ngapi.

Ukiambiwa jino lako ni fupi, inabidi lipunguzwe zaidi ili kauri ipate nafasi, au fizi ishushwe kidogo, kubali urudi siku nyingine. Hapo usiwe na haraka ya shangazi yangu. Wala ya kwangu.

Halafu kuna jino lenyewe. Kauri haiozi. Kinachooza ni jino lililo chini yake, na linaanzia ukingoni, pale kofia inapokutana na jino karibu na fizi. Kofia nyingi zinazorudi kwangu ni nzima kabisa, jino ndilo limeliwa ndani. Kwa hiyo kabla ya kuvalishwa, omba kuonyeshwa picha ya eksirei, hasa kama jino lilitibiwa mzizi. Uliza: uozo umetoka wote? Je, kuzunguka jino kuna ukuta mzima wa kama milimita 2 juu ya fizi wa kushikilia kofia? Jino likiwa limebaki kisiki sawasawa na fizi, kofia itang'oka hata kama mimi nimeichonga kwa dua.

Siku ya kuvalishwa ndiyo siku ya kuwa msumbufu. Najua tulivyo. Daktari ameinama juu yako saa nzima, mgongo unamuuma, anakuuliza, "Vipi, iko sawa?" nawe kwa heshima unajibu, "Iko sawa tu, daktari." Usiseme hivyo. Atakuwekea karatasi ya rangi, uma, sogeza taya kushoto, sogeza kulia, kama unatafuna kweli. Kofia ikigusa kabla ya meno mengine, hata kwa kiasi cha unywele, itabeba uzito wote wa kila tonge. Na ganzi inadanganya. Ikiisha, jioni, ukiuma na kusikia jino moja linatangulia, rudi kesho yake. Usingoje lizoee.

Daktari akiikwangua kidogo ili ikae sawa, ing'arishwe tena hapohapo. Pitisha ulimi: iwe laini kama ukingo wa kikombe cha chai. Mikwaruzo ndipo nyufa zinapoanzia, na kauri yenye mikwaruzo inalisugua jino la upande wa pili kama tupa.

Kingine ni gundi. Kofia ya lithiamu disilikati huandaliwa kwa asidi upande wa ndani, zirkonia hupulizwa mchanga laini sana, kisha kila moja na dawa yake ya kushikisha. Baada ya hapo mate hayatakiwi. Ukijazwa pamba mdomoni na kuambiwa usifunge, vumilia. Tone moja la mate wakati huo linaweza kukurudisha kwenye kiti kabla ya Pasaka.

Nyumbani mambo si mengi. Siku ya kwanza kula laini: uji, ndizi, sato wa mchuzi aliyetolewa miiba. Piga mswaki kwa dawa yenye floraidi mara mbili kwa siku, ukiulaza kidogo uguse pale fizi inapoanza, na pitisha uzi wa meno kila usiku pande zote mbili za kofia. Mchele chambua, kijiwe kimoja kinatosha kufanya uharibifu. Muwa menya kwa kisu. Soda fungua kwa kifungulio. Mfupa wa kichwa cha sangara ufyonze, usiuvunje. Matobolwa chemsha tena. Nimesema chemsha!

Kama unasaga meno usiku, na wengi hawajijui, muulize unayelala naye. Ukiamka taya limechoka au magego yamelika yakawa bapa, mwambie daktari kabla hatujachagua kauri. Atakutengenezea kinga ya plastiki ya kuvaa ukilala. Ukiidharau, chagua hata zirkonia nene, usiku mmoja baada ya mwingine utaimaliza au utaumaliza mzizi.

Kila miezi 6 pita ukaangaliwe, ukingo ndio uangaliwe zaidi. Harufu isiyoisha, chakula kinachonasa mahali ambapo zamani hakikunasa, au maumivu unapouma, usingoje miezi 6.

Na kofia ikitoka nzima, itunze. Ioshe, iweke kwenye kikopo kisafi, nenda kwa daktari ndani ya siku chache kwa sababu meno ya jirani husogea. Mvuvi mmoja aliibandika mwenyewe kwa supaglu, tena imekaa upande. Kuitoa kulichukua muda mrefu kuliko kuichonga, na ukingo wa jino ulikwanguka kiasi kwamba picha yake niliyoihifadhi kwenye kompyuta haikufaa tena. Asingegusa, huenda ile ile ingerudishwa siku hiyohiyo.

Shangazi alipunguzwa jino, nikamchongea zirkonia ya milimita 1.2. Niliiwasha tanuru jioni, naye akalala kwangu asubirie. Saa nane usiku umeme ukakatika. Asubuhi nikachonga nyingine, nikawasha upya, shangazi amekaa kwenye stuli mbele ya tanuru, mkoba mapajani, anahesabu nyuzi zinavyopanda. Meli mbili zilimwacha.