Kupanga rangi za tangazo kwa pinzani iliyogawanywa

Rangi mbili zinazotazamana kwenye gurudumu la rangi zikiwekwa pamoja hugombana. Pinzani iliyogawanywa hupunguza ugomvi huo: unachagua rangi kuu, unaiacha ile inayoikabili, kisha unachukua majirani zake wawili. Mfano wetu ni tangazo la kibanda cha juisi, pikseli 1080 kwa 1080. Programu yoyote inayopokea namba za H, S na B inatosha.

1. Chagua rangi kuu

Weka H 175, S 85, B 35, yaani #0D5953 (msimbo wa rangi hiyohiyo kwenye kompyuta), kijani-bluu nzito. H ni mahali rangi ilipo kwenye gurudumu la nyuzi 360, S ni ukolezo, B ni mwangaza. Rangi kuu ndiyo itakayobeba eneo kubwa, kwa hiyo itazame pamoja na picha. Ukitandika chungwa nyuma ya glasi ya juisi ya embe, glasi inapotea.

2. Tafuta majirani

Ongeza 150, kisha 210, kwenye H. 175 + 150 = 325, waridi. 175 + 210 = 385; ikizidi 360 toa 360, inabaki 25, chungwa.

Usichanganye magurudumu. Kwenye lile la wachoraji wa rangi za kupaka, bluu inatazamana na chungwa; kwenye la skrini, bluu ya 240 inatazamana na njano ya 60. Hesabu hii ni ya skrini.

3. Rekebisha S na B

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Namba za H zinakuwa sahihi kabisa, lakini rangi zote tatu zimeachwa S 100 na B 100, na jicho halijui pa kutua. Chungwa lipe S 85, B 100 (#FF8126). Waridi ishushe: S 75, B 85 (#D93695). Moja ing'ae, moja isaidie, kuu itulie.

4. Gawa eneo

Kijani-bluu ichukue kama asilimia 60. Krimu (H 40, S 6, B 98) au nyeupe 25, chungwa 10, waridi 5. Chungwa na waridi zikipewa sehemu sawa, zinashindana na mpango unageuka wa rangi tatu zenye nguvu sawa. Chungwa liende kwenye bei tu, usilirudishe kwenye fremu, nembo na vidoti.

5. Pima maandishi

Kipimo cha WCAG (mwongozo wa kimataifa wa kurasa zinazosomeka na watu wote) kinataka utofauti wa mwangaza kati ya herufi na mandhari wa 4.5:1 kwa maandishi ya kawaida na 3:1 kwa makubwa. Nyeupe juu ya kijani-bluu yetu ni takriban 8:1, kwa hiyo namba ya simu na mahali vikae hapo. Chungwa juu yake ni kama 3.3:1, linafaa bei kubwa tu. Ukilitaka kwa herufi ndogo, shusha B ya kijani-bluu kutoka 35 hadi 25. Utofauti unapanda hadi karibu 4.6:1.

Waridi juu ya kijani-bluu ni 1.9:1 tu. Herufi zinatetemeka, na ukubwa hauziokoi. Itumie kama umbo, mfano duara la "Mpya", ndani yake herufi nyeupe nene (4.3:1, kwa hiyo ziwe kubwa). Nyeupe juu ya chungwa nayo inadanganya: inapendeza kwenye kompyuta, lakini ni 2.5:1, na kwenye simu juani haisomeki.

Kisha geuza tangazo lote liwe la kijivu. Bei ikififia, tatizo ni mwangaza. Usihangaike na H.

6. Kama litachapwa

Badilisha kwenda CMYK, yaani wino nne za uchapaji (C samawati, M majenta, Y njano, K nyeusi), mapema, kabla mteja hajazoea mng'ao wa skrini. Chungwa anza na C0 M60 Y90 K0. Programu ikiongeza C hata 10, ifute, maana wino huo wa tatu hulipeleka kwenye kahawia. Waridi itapoa kiasi, na kupandisha S kwenye skrini hakutairudisha. Omba nakala moja ya majaribio kwenye karatasi ileile itakayotumika, kwani karatasi isiyong'aa hunyonya wino na kijani-bluu yenye B 25 inaweza kutoka karibu nyeusi. Ikitokea hivyo, punguza K kwanza, C na Y ziache zilivyo.