Uraia nje ya darasa: mwongozo kwa walimu wa Dodoma

Mwalimu mwenzangu, shule nyingi hapa kwetu zina siku ya kazi za nje. Wanafunzi wanabeba mafagio, wanafagia mbele ya zahanati, wanapigwa picha, wanarudi. Zahanati inapendeza, lakini somo la uraia bado halijafundishwa. Hakuna aliyeuliza nani anapaswa kuzoa taka zile, na fedha za kazi hiyo zinatoka wapi. Mwongozo huu ni wa mwalimu anayetaka kazi na maswali viende pamoja. Wazo lenyewe si geni: Elimu ya Kujitegemea, sera ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1967, ilitaka shule iwe sehemu ya jamii inayoizunguka. Kwa bahati mbaya, mahali pengi kilichobaki ni shamba la shule tu.

Jambo moja kabla hujaanza: kazi ya jamii isiwe adhabu kamwe. Mwanafunzi anayechimbishwa mtaro kwa sababu alichelewa mstarini anajifunza kwamba kuwatumikia watu ni mateso ya wakosaji, na hilo ni gumu kulifuta baadaye.

Hatua ya 1: Anza na mada

Fungua muhtasari, iwe unafundisha Uraia au Historia ya Tanzania na Maadili, uchague mada moja. Serikali za mitaa ndiyo rahisi kuanza nayo. Soma na darasa Ibara ya 8 ya Katiba, inayosema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, kisha Ibara ya 145 inayoanzisha vyombo vya serikali za mitaa. Dakika 40 zinatosha.

Hatua ya 2: Wanafunzi wachague tatizo

Wape siku chache watazame njiani wanapokuja shule. Watakuja na orodha ndefu: korongo linalokata njia wakati wa masika, foleni ya maji, mifugo inayoingia kwenye shamba la shule. Wewe wasaidie kuchuja kwa kigezo kimoja: je, kuna mtu hapa kijijini au kwenye kata anayeweza kutujibu? Ukosefu wa ajira nchini ni tatizo kubwa kweli, ila mtendaji wa kijiji hana jibu lake. Kituo cha kuchotea maji kina mwenyewe.

Hatua ya 3: Kusanyeni ushahidi

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi. Tuchukue mfano wa maji, maana Dodoma ni kame na kila mtoto anaijua ndoo ya lita 20. Mwanafunzi achore safu nne kwenye daftari: saa mtu alipofika, saa alipoondoka, idadi ya ndoo, na kama ni mtu mzima au mtoto. Asiandike jina la mtu.

Sababu utaiona siku ya kwanza tu. Mtoto akishafungua daftari pale bombani, mama mmoja atamgeukia: "Mwanangu, unatuandika sisi? Ni mchango gani tena?" Mfundishe jibu mapema. Aamkie kwanza: "Shikamoo mama. Hapana, majina siandiki. Naandika muda tu, ni kazi ya shule. Ukitaka nikusomee." Akishasomewa, mara nyingi mama huyo ndiye atakayemweleza siku ambazo maji hayatoki.

Rudini darasani mtafute wastani wa muda wa kusubiri. Mwalimu wa hisabati atafurahi.

Hatua ya 4: Nani anahusika?

Chora ubaoni ngazi kuanzia chini: kitongoji, kijiji, kata, halmashauri ya wilaya. Halmashauri ya kijiji ina wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25. Juu yake uko mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Kwa maji vijijini ongeza RUWASA (Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini) na chombo cha watumia maji cha hapo hapo. Ukiwa mjini ni DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, na badala ya kijiji una mtaa. Wanafunzi wengi wanamjua mbunge wao ila hawamjui mwenyekiti wa kitongoji. Wapeleke wakamsalimie.

Hatua ya 5: Ruhusa

Barua kwa mkuu wa shule, taarifa kwa afisa elimu kata na wazazi. Kazi ifanyike mchana, wawiliwawili. Wakati wa kampeni za uchaguzi, ahirisha.

Hatua ya 6: Mikono na mdomo

Kwa mikono, wanafunzi wanaweza kuchimba mtaro wa kuondoa maji yanayotuama bombani. Mkichagua mazingira, msipande miti mwezi Juni kwa ajili ya picha, itakauka. Subirini mvua za Desemba, au fanyeni kisiki hai: chagueni machipukizi machache yenye afya kwenye kisiki kilichopo, pogoeni mengine, mliyoyabakiza muyalinde dhidi ya mbuzi. Mizizi tayari iko chini, hivyo haihitaji kumwagiliwa.

Kwa mdomo, waandike barua kwa mtendaji wa kijiji kuomba nafasi katika mkutano mkuu, ambao kisheria hufanyika angalau kila baada ya miezi mitatu. Chini ya miaka 18 hawapigi kura, lakini mwenyekiti anaweza kuwaruhusu kuwasilisha. Wawe wawili, dakika tano: salamu, shukrani, takwimu, ombi moja. Lawama kwa mtu yeyote zisiwemo. Usiwaandikie hotuba.

Hatua ya 7: Tafakari

Ifanyike kesho yake, kabla hawajasahau. Kila mmoja aandike ukurasa mmoja: Nimeona nini ambacho sikukijua? Nani anaweza kubadilisha hali hii, na ni nini kinamzuia? Mimi nina wajibu gani? Hili la mwisho msilikwepe, maana bomba huharibiwa na watoto pia. Sahihisha na utoe alama, la sivyo watajua hukuwa na nia.

Hatua ya 8: Fuatilia

Baraza la wanafunzi litunze faili: takwimu, barua, majibu. Mwaka wa masomo ukiisha, darasa linalopanda likabidhi kwa linalofuata. Kama kijiji hakijajibu, darasa jipya lianze kazi yake kwa kuandika barua ya kukumbusha, na nakala iende kwa mtendaji wa kata.