Ukitafuta kihatarishi cha ugonjwa sugu, waulize na wazima

Kazi yangu ni kusafisha takwimu za tafiti za afya. Madodoso yakishajazwa na wasaili wakishavua viatu, hapo ndipo mimi naanza. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniletea wagonjwa mia mbili wa kiharusi. Alikuwa amewauliza kila kitu, kuanzia usingizi hadi chumvi, akaniomba nimtafutie kihatarishi, yaani kitu kinachoongeza uwezekano wa kuupata ugonjwa. Nikamuuliza, "Wazima wako wapi?" Hakuwa nao. Miezi mitano ya kazi, na mkononi ana orodha ya wagonjwa tu.

Nikisema wazima simaanishi watu wasioumwa popote. Namaanisha wasio na ugonjwa unaouchunguza. Bila hao huwezi kujua kama unachokiona kwa wagonjwa ni kigeni au ni kawaida ya watu wote.

Mfano ninaopenda kuuchora ubaoni ni wa Richard Doll na Austin Bradford Hill, waliochapisha utafiti wao wa saratani ya mapafu huko Uingereza mwaka 1950. Wanaume wenye saratani hiyo walikuwa 649, na 647 kati yao walikuwa wavutaji wa tumbaku. Ukiishia hapo utapiga meza kwa furaha, na utakuwa umekosea, maana enzi hizo karibu kila mwanaume huko alivuta. Watafiti hao waliwahoji pia wanaume 649 waliolazwa kwa maradhi mengine, wa umri unaokaribiana, na humo wavutaji walikuwa 622. Sasa tazama wasiovuta: 2 upande wa saratani, 27 upande wa pili. Zidisha kimshazari, 647 mara 27, kisha gawanya kwa 2 mara 622. Unapata kama 14. Kwa ugonjwa ambao ni nadra katika jamii, namba hiyo inakaribia kukuambia mvutaji yuko hatarini mara ngapi kuliko asiyevuta. Ila usiipende mno hiyo 14, imesimama juu ya watu wawili. Mgonjwa mmoja tu angehama kutoka safu ya wavutaji kwenda ya wasiovuta, ingeshuka hadi 9 na ushei.

Njia hiyo ya kuanza na ugonjwa na kurudi nyuma ni ya haraka, na inafaa kwa maradhi yasiyopatikana kwa wingi. Udhaifu wake ni kumbukumbu: mgonjwa ameshajiuliza usiku kucha alikosea wapi, mzima hajawahi kuwaza. Njia ya kwenda mbele ni kuchukua kundi la watu, kuwapima, kisha kusubiri. Huko Framingham, Massachusetts, nchini Marekani, watafiti walianza mwaka 1948 na watu 5,209 wa miaka 30 hadi 62, wakawa wanawapima kila baada ya miaka miwili. Inachosha na inakula fedha, lakini inakupa kitu kimoja kikubwa, nacho ni kujua kipi kilitangulia. Utafiti wa kupita mara moja hauwezi. Utakuta wenye kisukari wanatumia sukari kidogo kuliko wenzao, na mtu asiyefikiri atasema kuacha sukari kunaleta kisukari, kumbe wameiacha baada ya kuambiwa wanaumwa.

Sasa vipimo, ambako ndiko ninakopoteza nywele. Shirika la Afya Duniani lina utaratibu uitwao STEPS: dodoso, kisha vipimo vya mwili, kisha damu. Kwenye shinikizo la damu mtu anapumzika dakika 15, anapimwa mara tatu, na unachukua wastani wa vipimo viwili vya mwisho. Kwenye karatasi ni rahisi. Siku moja nilipanga vipimo vyote kwa tarakimu ya mwisho. Mashine zilikuwa zile za kupampu kwa mkono, mistari yake ni ya mbilimbili, hivyo sifuri ilitakiwa itokee takriban mara 1 kati ya 5. Kwa mpimaji mmoja ilijaa karibu kila mstari: 120, 130, 140, 140, 140. Alikuwa anakadiria. Mtu wa 138 akaandikwa 140, na 140 ndio mpaka tuliouweka wa kumwita mtu mwenye shinikizo la juu. Mbaya zaidi, mpimaji huyo alikuwa amepangiwa eneo moja peke yake, kwa hiyo kuishi eneo lile kukaonekana kihatarishi. Tangu hapo nasisitiza wapimaji wabadilishane maeneo, na tarakimu za mwisho nazikagua kila wiki, siyo mwisho wa mradi.

Ukishapata uhusiano, mtafute mtu wa tatu aliyejificha katikati, yaani kitu kingine kinachoambatana na kihatarishi na pia na ugonjwa. Tuseme, kwa namba za kubuni, wanywaji 1,000 wa kahawa wamepata ugonjwa wa moyo 88, na wasiokunywa 1,000 wamepata 56. Kahawa inashtakiwa. Wagawe kwanza kwa tumbaku. Wanywaji wa kahawa wana wavutaji 600, wengine wana 200. Miongoni mwa wavutaji, wagonjwa ni 12 kwa kila 100, wanywe kahawa wasinywe. Miongoni mwa wasiovuta ni 4 kwa kila 100, vilevile. Kahawa imeachiwa huru. Fanya hivyo kwa umri kabla ya kitu kingine chochote, maana umri unajipenyeza katika karibu kila ugonjwa sugu.

Na hata baada ya kugawa, wengine waliojificha hivyo hawatoki. Tafiti za kufuatilia makundi zilionyesha wanawake wanaotumia homoni baada ya kukoma hedhi wanapata ugonjwa wa moyo kwa uchache. Likaja jaribio kubwa Marekani, wanawake wakagawiwa kwa bahati nasibu, na mwaka 2002 sehemu ya vidonge vya homoni mbili ikasimamishwa kwa sababu madhara yalizidi faida; ile kinga ya moyo haikuonekana.

Yule mwanafunzi alirudi mwaka uliofuata. Safari hii alikuja na wagonjwa wale wale mia mbili pamoja na watu mia nne wasio na kiharusi, umri sambamba. Nikafungua faili la shinikizo la damu na kuanza na tarakimu za mwisho.